Nimekuja Kukusamehe

Basi liliposimama Nyakahura, Restituta alishuka kunyoosha miguu. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala barabarani. Alivaa gauni la kitenge cha bluu na barakoa nyeupe. Kijana mmoja mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, akamsogezea chupa ya asali.

"Dada, onja. Nyuki wangu wanakula maua ya msituni tu."

"Nitaonjaje na barakoa?"

"Ndiyo maana nimekwambia uonje," alisema, akitabasamu polepole. "Na uso niuone."

Restituta akacheka, akaishusha. Asali ilinukia moshi na mvua. Alinunua chupa mbili, akaacha na namba yake ya simu, wala hakujua kwa nini.

Kijana huyo aliitwa Sostenes, mfuga nyuki wa Runazi. Restituta alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo kimoja cha afya upande wa Mugoma. Miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2021 walipendana kwa simu. Jioni alikaa barazani akitazama vilima vikififia, sauti ya Sostenes sikioni.

"Leo umepima nini, Resti wangu?"

"Uviko. Unajua kile kirusi kina maandishi yake, herufi kama elfu thelathini? Kikiingia mwilini kinajinakili, kinajinakili, na mara moja moja kinakosea herufi. Kosa hilo wanalirithi watoto wake. Ukiyasoma makosa, unajua kipi ni ndugu wa kipi."

"Kama pua ya babu yangu."

"Kama hiyo pua yenu, ndiyo."

Krismasi Restituta alikwenda Runazi. Akapiga goti mbele ya Domisiana, mama yake Sostenes. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ni kwako." Mama akamshika mkono, hakuuachia mpaka walipoingia ndani.

Sostenes alikuwa amerudi siku mbili nyuma kutoka kuuza asali mjini. Alipiga chafya mezani, na wote wakasema ni vumbi la safari.

Siku ya tatu tangu arudi Mugoma, Restituta alishikwa na homa. Kipimo kikaonyesha uviko. Akampigia Sostenes papo hapo, wahudumu wakaenda kuwapima Runazi, na kweli, Sostenes na mama yake walikuwa nao. Sostenes alipona. Domisiana hakupona.

Msibani, Happy, dada yake Sostenes, alisema mbele ya watu, "Yule wa maabara ndiye aliyetuletea." Jioni ile simu ya Restituta ikaita.

"Usije kuzika," Sostenes alisema.

"Sostenes, nisikilize."

"Mama alikushika mkono, Resti."

Simu ikakatika, na miezi saba ikapita. Restituta alipima watu, akafua koti lake jeupe, akaanika, na kila alipoinua macho aliuona mkono wa mama yule ndani ya wake. Aliamini yeye ndiye.

Mwezi wa nane yakaja majibu. Sampuli zao tatu zilikuwa zimepelekwa maabara kubwa zisomwe herufi za kirusi. Kirusi cha Restituta kilikuwa Delta, kile cha zamani. Cha Sostenes na cha mama yake vilikuwa Omikroni, aina mpya, vikifanana herufi kwa herufi. Basi si yeye aliyekipeleka Runazi; na Sostenes ndiye aliyeanza kupiga chafya.

Restituta alilia kwa kutua mzigo. Kisha akachukua simu ampigie, akaiweka tena chini. Kujisafisha yeye kungekuwa kumchafua Sostenes. Akanyamaza wiki tatu.

Halafu Sostenes akaja mwenyewe, amekonda, kanzu yake ya kijivu imelowa manyunyu. Alikataa kiti mpaka aseme.

"Nimekuja kukusamehe, Resti. Na kama utakubali, nikuoe."

Maneno hayo Restituta alikuwa ameyaota. Angeweza kuitikia kwa kichwa tu. Angeweza kabisa kuishi akisamehewa kosa lisilo lake, lakini kumdanganya mume kila siku inayokucha, hapana, hilo hakuliweza.

"Majibu yamerudi," alisema taratibu. "Yako na ya mama. Unataka kuyajua?"

Manyunyu yalidondoka kwenye majani ya migomba. "Nisomee."

Akamsomea. Sostenes alitazama viganja vyake.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hukujua. Ulikuja nyumbani kula sikukuu na mama yako."

"Umeyajua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Ukaniacha niendelee kukulaumu."

Sostenes akainuka, akateremka njia ya migombani, ukungu ukamfunika. Safari hii Restituta hakumwita.

Jumapili ya pili baada ya hapo, simu ikaita.

"Resti."

"Nipo."

"Nimewaambia. Happy, baba, wote. Nimewaambia ni mimi." Restituta akatoka na simu barazani. "Happy yuko jikoni analia, anasema ataanzia wapi kukuomba radhi. Baba hakugusa chakula mpaka kikapoa. Halafu akauliza swali moja."

"Lipi?"

"Eti mkwewe anakunywa chai ya rangi au ya maziwa."

Restituta alikaa chini, hapo hapo kwenye sakafu ya baraza, simu kaibana sikioni kwa mikono miwili.

"Mwambie ya maziwa," alisema.