Msomaji wa Nyuma ya Ukuta

Sauti ya Tausi iliendelea kusoma Qurani, ilhali Tausi mwenyewe alikuwa jikoni, mdomo umejaa muhogo.

Mama yake akaacha kupepeta maharage. Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa chumba cha binti, laini, isiyovuta pumzi. Barazani, Majaliwa, fundi cherehani wa Kibondo aliyeapa kwamba bintiye atakuwa hafidhi, mwenye Qurani nzima kifuani, kabla ya Ramadhani, alisimamisha gurudumu la cherehani akatabasamu.

"Kumbe kurasa mbili kwa siku anaziweza! Kesho tatu."

"Baba Tausi, mtoto yupo hapa anakula."

"Basi anasoma huku anakula. Usimrudishe nyuma!"

Masomo ya jana Majaliwa hakuyasikiliza kamwe. Alitaka mapya tu. Yeye mwenyewe hakuwa ameshika msahafu tangu aoe. Jioni harufu ya udi ilizagaa nyumbani, ingawa chetezo hakikuwa na hata kaa la moto.

Alasiri moja mama alimwomba bintiye amsomee sura fupi aliyoihifadhi utotoni. Tausi akafungua kinywa, akakifunga.

"Mama, haipo," akanong'ona. "Naitafuta, haipo."

Papo hapo, nyuma ya ukuta, sura ile ikaanza kusomwa kwa sauti ya Tausi wa utotoni, aliyeng'oka meno ya mbele, aya kwa aya, na kithembe kilekile ambacho mama pekee alikikumbuka, ikisonga ukutani kutoka pembe hadi pembe, ikikaribia pale binti alipoegemea, mpaka shungi lake likaanza kupepea kana kwamba kuna mtu anampulizia sikioni.

Mama hakulia. Alikasirika. Alfajiri alikwenda Murungu, akarudi na Shehe Mansuri, mwalimu wa madrasa, ambaye hakubeba kombe la kunywesha wala hirizi. Shehe aliweka kiganja ukutani.

"Ewe usiyeonekana, kwa nini umemwibia?"

"Sikuiba," ukuta ukajibu. "Nimeokota kilichoachwa bila mlinzi."

Shehe akamgeukia Majaliwa, macho yamewiva.

"Umesikia? Jini amekushinda kwa ukweli! Mistari mitano kwa siku, bwana. Kwanza asome ya jana na ya juma lililopita, ndipo apokee mipya. Asipoiweza mitano, mitatu. Akiugua, arudie tu. Nani alikwambia kifua cha mtoto ni gunia la kushindilia?"

Ikawa hivyo. Sura moja baada ya nyingine ilimrudia Tausi, na kila iliporudi, sauti ya ukutani ilififia, hata udi nao ukakoma.

Kisha wakaja wageni kutoka Kasulu. Majaliwa akatanua kifua.

"Tausi, wasomee juzuu nzima."

"Baba, mimi nina mistari yangu mitano."

"Mitano! Unanitia aibu mbele ya watu? Ongeza!"

Udi ukanuka. Wageni wakatazamana. Majaliwa akainuka haraka ili asome Ayatul Kursiy, kinga aliyoihifadhi utotoni na asiyoirudia kwa miaka, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ulimi ukitapatapa kama wa bubu, huku nyuma ya ukuta aya ileile ikisomwa taratibu, kwa sauti nzito ya Majaliwa mwenyewe.

"Mama Tausi," akaomba, "nisaidie."

Mkewe alikwisha kujifunga kanga na kumshika binti mkono.

"Huyo wa ukutani ndiye hafidhi uliyemtaka," alisema. "Kaa umsikilize."

Wakashika njia ya Murungu, kwa Shehe. Walipovuka nyumba ya mwisho, Tausi alianza kusoma ya jana.