Idadi Mbili

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Enid Garbutt, mwaka 1972, alipokuwa akitoboa kadi za kompyuta katika makumbusho yetu mjini York. Kila kitu kilikuwa na kadi yake: jina, hali, idadi. Kadi zilipelekwa kwenye kompyuta ya chuo kikuu, na orodha ikarudi imechapwa.

Kulikuwa na kiatu kimoja cha mtoto. Aliyekitoa kwa makumbusho ni Enid mwenyewe, kwa kuwa hakuweza kuishi nacho nyumbani wala kukitupa. Mto ulipomchukua binti yake Hilary, kiatu hicho tu ndicho kilichobaki ukingoni.

Orodha ilirudi: kiatu cha mtoto, idadi 2.

"Dada, siku hizi unatoboa huku unasinzia?" Desmond wa meza ya pili alimtania. "Mashine haijui kuhesabu. Inasoma matundu yako tu."

Enid aliinua kadi dirishani. Tundu la idadi lilikuwa kwenye namba moja. Hata hivyo alitoboa kadi nyingine, akaipeleka mwenyewe. Orodha ikarudi: 2.

Desmond hakutania tena. "Nenda kaangalie boksi la kile kiatu, Enid," alisema taratibu.

Taa ya ghala la chini ilikuwa imeungua. Enid alipapasa rafu gizani, akasikia tone la maji, kisha jingine. Akalibeba boksi hadi mlangoni penye mwanga, akalifungua.

Viatu vilikuwa viwili. Cha pili kilikuwa kinachuruzika maji, na kamba zake bado zilikuwa zimefungwa mafundo mawili, kama Enid alivyozifunga asubuhi ile, ili kisimtoke Hilary mguuni.