Mashine ya Marehemu Tyrer

Haya yalimpata jamaa yangu Silas Hesketh, fundi wa kukata gia za saa hapa Prescot, mji wa mafundi saa Uingereza. Alimwoa Alice, mjane wa Amos Tyrer, fundi wa gia kama yeye, lakini wivu juu ya marehemu ulimla hadi mifupani. Kila alipomaliza gia, wateja walisema, "Si mbaya, ila Tyrer alikuwa Tyrer."

Jioni moja ya ukungu akaamua kwenda kuichukua mashine ya Amos ya kukatia meno ya gia katika karakana ya marehemu iliyofungwa.

"Iache huko huko, mume wangu," Alice alimwambia huku akikanda unga.

"Kumbe bado unamlilia?"

"Simlilii mtu. Amos hakupenda iguswe, basi."

"Amos ni udongo sasa!"

Alipofungua mlango wa karakana, ndani mlikuwa na giza totoro, na gizani humo akasikia sauti aliyoizoea maisha yake yote: kisu kikikwaruza chuma, krrr, kisha tak, mashine ikisogea kwenye jino linalofuata. Krrr. Tak.

"Nani huyo?"

Silas akawasha mshumaa. Hapakuwa na mtu, na vumbi la sakafuni halikuwa na nyayo ila zake. Mpini wa mashine ulikuwa ukizunguka polepole, kisha ukasimama.

Kitu kidogo kilimeremeta, kikiwa kimebanwa chini ya kisu cha mashine. Alipokigusa, kikamuunguza kidole. Ilikuwa pete ya ndoa aliyomvisha Alice, jina la Silas limechorwa ndani, na nusu ya mzunguko wake ilikuwa imekwisha kukatwa meno.