Chupa Si Sufuria

Asubuhi hiyo jiko la Mama Pilipili lilikuwa likiwapigisha watu chafya hadi barabarani. Wenyewe ndani walishazoea. Mama Pilipili alikoroga sufuria kubwa ya pilipili, wifi yake akipanga chupa tupu mezani. Nje, mumewe alikuwa akifunga kreti kwenye baiskeli. Ilikuwa kazi ya familia nzima, na sifa zake zilifika mbali. Aliyeonja pilipili ile aliomba maji, kisha akaomba chupa.

Mara mwenye duka la sokoni akaingia bila hata kupiga hodi. Shati lake jeupe lilikuwa na madoa mekundu kifuani.

“Masikini! Umeumia?” Mama Pilipili alishtuka.

“Ni pilipili yako hii! Chupa imenilipukia. Kifuniko kimeruka, nusura kimtoboe mteja jicho!”

“Pole, ndugu yangu. Labda ni jua...”

“Jua gani? Duka langu lina paa! Na hii si ya kwanza. Nyingine zimevimba vifuniko. Nimezitoa zote rafuni. Ikilipuka tena hata moja, mimi na wewe basi. Na soko zima nitalitangazia.”

Akatoka. Mama Pilipili alibaki ameshika mwiko. Duka lile ndilo lililowauzia karibu mzigo wote. Likiwafungia mlango, jiko nalo litazimika. Lakini lile jicho la mteja lilimtisha zaidi. Angemtazamaje mtu aliyepofuka kwa chupa yake?

“Hiki ni kijicho cha watu,” wifi alisema. “Wametuonea wivu.”

“Dada, acha kijicho,” mume wa Mama Pilipili alijibu, akiingia kutoka nje. “Tushukuru halikuwa jicho lenyewe.”

Jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma, alisikia zogo akaja.

“Nendeni chuo kikuu,” aliwashauri.

“Tukasome uzeeni?” Mama Pilipili aliuliza.

“Nani kasema kusoma? Kuna ofisi pale ya kuwasaidia wafanyabiashara kama sisi. Mashine ninayounda ya kukamua alizeti ilikuwa ikitetemeka mpaka inatembea yenyewe. Wahadhiri wakaja karakanani na wanafunzi wao, tukairekebisha pamoja. Leo naiuza hadi miji ya jirani, na nimeajiri vijana.”

“Na siri yetu je?” wifi alidakia. “Pilipili hii ni urithi wa marehemu mama. Hao wasomi wataichukua, wajifungulie kiwanda chao!”

Neno hilo lilimwingia Mama Pilipili. Hata yeye na wifi walipofika langoni pa chuo, alisita. Kikapuni alikuwa na chupa moja, ameiviringishia kitambaa kama mtoto mchanga. Aliogopa wasomi, na chupa ile aliiogopa zaidi. Akaingia.

Walipokewa na mhadhiri wa mambo ya chakula, mwanamke mchangamfu aliyevaa koti jeupe. Aliipeleka chupa kwenye sinki, akalegeza kifuniko taratibu.

Tssss! Povu jekundu likafoka. Wifi alikuwa ameshafika nyuma ya mlango.

“Mnatia nini humu, mama zangu?”

Wifi alirudi haraka, akamkanyaga Mama Pilipili mguu.

Mhadhiri akatabasamu. “Vipimo vyenu bakini navyo. Siri ya biashara ni ya mwenye biashara, na tutaandikiana hivyo. Mimi niambieni jambo moja tu. Mkishaepua sufuria, mnafanya nini?”

“Tunaiacha wazi ipoe,” Mama Pilipili alijibu. “Ikipoa kabisa, ndipo tunajaza na kufunga.”

“Kwa nini ipoe?”

“Kitu cha moto hakifunikwi!” wifi alifoka. “Kinachacha! Mama alitufundisha tangu utotoni.”

“Na mama alisema kweli,” mhadhiri alisema kwa upole. “Chakula cha sufuria kikifunikwa cha moto, hukaa na uvuguvugu, kikachacha. Lakini chupa si sufuria. Chupa inafungwa, hewa haipiti. Pilipili inapopoa wazi, inaingiwa na vijidudu visivyoonekana. Mnavifungia ndani pamoja na chakula chao. Vinakula, vinatoa gesi. Gesi haina pa kutokea, basi inasukuma kifuniko.”

Mama Pilipili aliitazama ile chupa. Kumbe kijicho kilikuwa chao wenyewe.

Mhadhiri alipima pia uchachu wa pilipili. Siki waliyotia ilitosha kuzuia vijidudu hatari. “Ingepungua, moto peke yake usingesaidia,” alisema. “Ndiyo maana kila chakula cha chupa kipimwe kwanza.”

Siku chache baadaye alikuja na wanafunzi wake jikoni. Chupa zilioshwa na kuchemshwa. Pilipili ilichemka, ikajazwa ya moto kwenye chupa za moto.

“Sasa funga, mama,” mhadhiri alimwambia wifi.

Wifi alishika kifuniko. Mvuke ulimpiga usoni. Hakusogea.

“Mkono unakataa,” alisema, machozi yakimlenga. Hayakuwa ya pilipili.

“Wifi,” Mama Pilipili alimwambia, “mama angependa jiko lake lizimike?”

Wifi alifumba macho. “Mama, nisamehe.” Akafunga, akakaza. Wakazipindua chupa kwa dakika chache ili moto uguse na vifuniko, kisha wakaziacha zipoe, vifuniko vikavutwa ndani.

Chupa kadhaa zilipelekwa chuoni zikae kwenye kabati lenye joto, ionekane kama zitavimba. Nyingine zilibaki rafuni nyumbani. Kila asubuhi Mama Pilipili alibonyeza vifuniko kwa kidole, roho mkononi. Siku moja kishindo kikalia, familia nzima ikainama chini ya meza. Alikuwa jirani tu, ameangusha bati.

Majibu ya chuo yalipotoka mazuri, walikwenda dukani. Mwenye duka alikuwa amevaa shati jeusi. Aliiweka chupa mbali na uso, akazungusha kifuniko.

Tak!

Aliruka nyuma.

“Usiogope,” wifi alisema kwa majivuno. “Hiyo ni hewa inaingia. Haitoki.”

Hakuna tone lililomwagika. Mwenye duka alionja, akaomba maji. Kisha akaomba kreti.

Siku hizi pilipili za shamba lao hazitoshi. Wananunua na za wakulima wenzao. Wanafunzi wa chuo huja kujifunza kazi jikoni mwao, na wifi ndiye anayewakaripia.

Juzi mumewe Mama Pilipili aliepua sufuria ya maharage, akaifunika.

“We kaka!” wifi alipiga kelele. “Ondoa mfuniko! Hiyo ni sufuria!”