Mkanda wa Mafundo Elfu

—Mwalimu, umekaza mno. Sipumui.

—Mtu anayekwenda kufa kesho, Tamotsu, pumzi za nini?

Chizuru alikuwa nje ya mlango wa karatasi, sinia la chai mikononi. Alidhani ni mzaha. Mchumba wake, Haruomi Kuramochi, alikuwa mwandishi ambaye wanafunzi wa Tokyo nzima walisoma vitabu vyake huku wakilia, na alipenda mizaha ya kifo. Akapiga magoti, akausukuma mlango.

Tamotsu, mwanafunzi aliyeshinda kwenye nyumba ile kama mtoto wa kuzaliwa humo, alisimama shati limepandishwa hadi kifuani. Kiunoni amefungwa mkanda mweupe wenye mafundo mekundu ya uzi. Miguuni pake, juu ya kitambaa cha zambarau, bastola.

Mkanda ule wa kumkinga askari, mafundo elfu ya mikono ya wanawake, Chizuru aliujua kuliko viganja vyake. Alikuwa amesimama nao mlangoni mwa stesheni kwenye baridi, sindano na uzi mkononi, akimwinamia kila mwanamke anayepita: "Naomba fundo moja, dada. Mchumba wangu anakwenda vitani." Yeye, ambaye hata kuuliza bei dukani humshinda! Haruomi alimwambia kuwa jeshi, lililomkataa zamani kwa sababu ya mapafu yake mabovu, sasa limemwita kwenda China.

—Haruomi, huo mkanda ni wako.

—Weka chai, Chizu, uende.

—Nilikuombea wewe.

—Nimempa anayestahili. Kesho Tamotsu anamvizia yule waziri anayeiuza nchi. Ni vita vilevile.

—Kwa hiyo jeshini hukuitwa?

Tamotsu akageuka.

—Mwalimu, ulimwambia dada umeitwa?

—Hilo ni jambo dogo.

—Na kesho wewe utakuwa wapi? Chizuru akauliza. Sauti ilitoka ndogo kama kawaida yake, ila safari hii haikurudi nyuma.

—Hapa. Lazima abaki mtu wa kuandika, ili taifa lielewe kwa nini kijana huyu alikufa.

—Umeshaanza?

Haruomi alijikohoza.

—Mwanzo tu. Sentensi mbili tatu.

—Mwalimu, Tamotsu akasema polepole, mimi bado nipo hai.

Chizuru akaweka sinia chini. Vikombe vikagongana.

—Tamotsu, shika hapo ubavuni, palipojaa mafundo. Umeona masizi? Huyo ni mama yako.

Kijana akapapasa ubavu. Mama yake, Mama Ogata, alichoma viazi vitamu pale stesheni. Wanawake wengine hufunga fundo moja tu kwenye mkanda wa askari, lakini yeye alizaliwa mwaka wa simbamarara, mnyama anayesemekana huenda mbali na kurudi, na mwanamke wa mwaka huo huruhusiwa kufunga mengi kama umri wake, mvaaji apate kurudi nyumbani.

—Aliacha viazi viungue, Chizuru akaendelea. Nilipomtajia jina la Mwalimu akasema, "Huyo ndiye anayemfundisha mwanangu. Lete hapa, lazima arudi."

—Alijua nitauvaa mimi?

—Angejua, angekufungia mlango, si mkanda.

Tamotsu alivuta ncha ya mkanda. Ukafunguka, ukaanguka. Chizuru akauokota, akamnyooshea Haruomi kwa mikono miwili, kama alivyokuwa ameota kumkabidhi.

—Basi vaa wewe. Maneno ni yako, bastola ile pale. Sitaki waziri wa watu afe. Nataka tu nikuone ukinyoosha mkono.

Haruomi aliutazama mkanda. Mkono ule ulioandika vifo vingi vizuri ulibaki umelala pajani. Shingo ilimwiva. Chizuru akainamisha macho. Aibu ilikuwa ya Haruomi, lakini uso uliowaka ulikuwa wa Chizuru.

Tamotsu aliifunga bastola kwenye kitambaa, akatoka uani. Wakasikia kitu kizito kikitumbukia kisimani.

—Chizu... utaniacha kwa kuwa ni mwoga?

—Mimi mwenyewe mwoga, Haruomi. Kwa uoga tu ningebaki, tukaogopa pamoja. Lakini uoga wako ulimvalisha mtoto wa mtu. Na mimi ndiye niliyekuombea nguo.

Akaukunja mkanda, akavaa viatu vyake vya mbao. Haruomi alimwita mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, majirani wasisikie.

Stesheni ilikuwa imejaa. Mama Ogata alimwona kwa mbali, akapunga koleo.

—Haya, bi harusi! Mwalimu wetu ameshaondoka?

—Hakuondoka, mama. Nimeondoka mimi.

Akapiga magoti pale pale kwenye saruji, mbele ya wanawake waliopanga foleni ya viazi, akasema yote. Hakuacha hata bastola. Nyuma yake Tamotsu, aliyemfuata kutoka uani, alisimama ameinamisha kichwa.

Mama Ogata alimchapa mwanawe kofi, kisha akaling'ang'ania shati lake kana kwamba treni ingemnyakua. Alipoweza kusema, aliomba mkanda. Akautandaza juu ya pipa la viazi, akaanza kuyakata mafundo yake kwa meno, moja moja, huku machozi yakimwingia mdomoni.

—Yangu nimechukua.

—Na haya ya wengine, mama?

—Hayo si yangu kusamehe. Ulipowaomba ulisimama wapi?

—Pale mlangoni.

—Basi pale pale, mwanangu.

Chizuru akaenda. Tamotsu alitaka kumfuata, mama yake hakumwachia shati. Treni ikaingia, watu wakamwagika. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliona mkanda, akasimama, mkono tayari umetoka ndani ya joto la kimono kupokea sindano.

—Fundo, siyo, mdogo wangu? Anakwenda lini?

—Haendi, dada. Chizuru aliinama hadi nywele zikagusa mkanda. Leo nimekuja kuomba radhi.