Kiti cha Nne Mashuani

Kila asubuhi Carys alipanda baiskeli huku akitafuna mkate, akiwahi banda la mashua ukingoni mwa mto Cam. Alikuwa mwanafunzi mpya wa chuo kikuu, binti wa fundi bomba kutoka Swansea, na kabla ya muhula huo hakuwahi kushika kasia. Aliyemfundisha ni Pippa, jirani yake bwenini. Pippa ndiye aliyemwonyesha namna ya kuzamisha kasia na kulitoa bila kurusha maji, tena alimfunga vitambaa viganja vilipotoka malengelenge. Carys alimpenda kama ndugu.

Mashua yao ilikuwa ya wapiga makasia wanne. Viti vitatu vilishapata wenyewe, kimojawapo cha Pippa. Cha nne kiligombewa na Carys na Tamsin, aliyesoma sekondari moja na Pippa. Siku ya kuamua, Kocha Maud, mama mwenye sauti ya kuamsha bata wote wa mtoni, aliwapa utaratibu.

"Ataanza Tamsin. Mkishapumzika, Carys atakaa pale pale, mrudie mwendo ule ule. Nyie wengine vuteni sawasawa mara zote mbili. Atakayetumia muda mfupi, kiti chake."

Pippa alimkonyeza Carys. "Usiogope, shoga. Tuko pamoja."

Tamsin alipovuta, mashua iliteleza vizuri sana. Zamu ya Carys ikafika, akavuta mpaka kifua kikawaka moto. Mpiga kasia huketi akitazama anakotoka, na mbele ya macho ya Carys aliketi Pippa. Makasia ya wengine yaliacha maji yakizunguka kwa nguvu nyuma yake. La Pippa liliingia na kutoka kwa wakati, lakini maji hayakutikisika zaidi ya chai inayokorogwa kwa kijiko.

"Pippa, vuta!"

"Si navuta!" Pippa alijibu bila kugeuka.

Wakachelewa kuliko walipovuta na Tamsin. Carys alishuka gatini, akamgeukia Pippa. "Pippa, nimekukosea nini?"

"Mimi na Tamsin tumetoka mbali," Pippa alinong'ona. "Wewe utapata mwakani. Usilikuze jambo, bwana."

Carys alihisi kama ameanguka gatini mbele za watu. Aliyempokea ugenini ndiye aliyemwangusha! Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Tamsin, aliyekuwa akitazama kutoka ukingoni, alisogea. "Kocha, turudie. Pippa hakuvuta, alikuwa anakoroga maji tu."

"Tamsin! Nimefanya kwa ajili yako!"

"Nani alikutuma? Sasa kila mtu atasema nimebebwa."

"Na mimi nimeona," alisema Kocha Maud. "Pippa, toka mashuani. Kiti chako nampa Tamsin, na cha nne ni cha Carys. Anayenidanganya mtoni simweki majini."

Pippa aliondoka bila kuaga. Tamsin alimgusa Carys bega. "Kiti umepata, mbona bado unalia?"

"Sililii kiti," Carys alijibu.

"Mwache alie," Kocha alisema, akiwageukia wote. "Kiti nimempa sasa hivi. Rafiki siwezi kumrudishia. Wanangu, mkitaka kumpendelea mtu, msimdanganye mwingine anayewaamini. Atakuwa amevuta kwa nguvu zake zote, akidhani mnavuta naye."