Sala Isiyo na L wala R

Kila asubuhi mjini Kitale, kabla ya kwenda shule, Sellah alitumwa kuchukua maziwa kwa jirani. Ukungu wa Mlima Elgon ulishuka hadi barabarani, mzito kiasi kwamba ng'ombe walitambuana kwa sauti tu. Na mahindi ya huko je? Marefu mno! Mwezi ukitaka kupita juu ya shamba, sharti uinue miguu. Kama hamniamini, nendeni mkapime.

Sellah alikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye na mama yake walikuwa wamehama kutoka Kabuchai, Bungoma, mama alipopata kazi ya upishi katika shule ya bweni. Kule walimwacha nyanya yake, ambaye Sellah alimwita Kukhu, kama watoto wengi wa kwao. Kukhu ndiye aliyemfunza kuomba: kabla ya uji, kabla ya kupalilia, hata kabla ya kumfukuza jogoo mkorofi. Sellah aliomba kama anayeongea na mtu aliyeketi papo hapo jikoni.

Jumapili ya kwanza Kitale, mwalimu Linah wa shule ya Jumapili alimwambia aongoze Sala ya Bwana. Sellah akafumba macho, akaanza kwa matamshi ya kwao, ambako L na R hubadilishana nafasi.

"Utupe reo liziki yetu..."

"Ati reo liziki!" Kiplimo, mvulana wa benchi lake, akapasuka kwa kicheko. "Kwani huyu anaomba na lugha gani?"

Benchi zima likacheka. Mwalimu Linah aliwakemea, lakini kicheko kilikuwa kimeshamwingia moyoni. Tangu siku hiyo Sellah hakuomba tena kwa sauti, hata nyumbani. Uji ukawa unanywewa kimyakimya, na mama akadhani mtoto amechoka tu.

Kisha ikafika sherehe ya mavuno. Mwalimu Linah akamshika bega. "Sellah, utatuombea mbele ya kanisa lote. Ni wewe, si mwingine."

Angekataaje? Akatafuta ujanja. Alitunga sala isiyo na L hata moja, wala R, akaikariri njia nzima ya maziwa: "Mungu mwema, asante kwa mvua na jua. Tupe amani, tupe imani, tupe upendo. Amina." Ikateleza mdomoni kama siagi.

Lakini asubuhi moja, ukungu ukiwa umemzunguka pande zote, miguu yake ikawa kama haigusi chini. Aliona kanisa likielea katikati ya mahindi. Mlangoni zilisimama herufi mbili, L na R, zimelowa umande, zinabisha polepole. Hakuna aliyezifungulia. Ng'ombe akalia, kanisa likayeyuka, na Sellah akajikuta amesimama na maziwa yake, moyo ukiwa mzito asijue kwa nini.

Jumamosi Kukhu akafika kutoka Kabuchai, kuku kwapani.

"Mjukuu wangu, nasikia kesho unaomba. Hebu nionjeshe."

Sellah akasema sala yake. Kukhu akangoja, macho bado yamefumbwa.

"Endelea."

"Imeisha, Kukhu."

"Imeisha? Sherehe ya mavuno, na hujaomba chakura?"

"Chakura kina L."

"Na fulaha je?"

"Ina R, Kukhu. Nikizisema wananicheka."

Kukhu akacheka hata akashika meza, na kuku naye akatoroka. Kisha akajifuta macho.

"Haya. Chakura umeacha, tutashinda na njaa. Lakini sijasikia 'kwa jina ra Yesu'. Yeye umemwacha wapi? Kabuchai?"

Sellah akainamisha kichwa. Kweli. Katikati pale pana "la". Kwa kuogopa herufi moja, alikuwa amemfungia nje Yesu mwenyewe. Machozi yakamdondoka.

Kesho yake kanisa lilijaa. Sellah alisimama kando ya lundo la mahindi na maboga. Akamwona Kukhu amefumba macho, anangoja, kama pale jikoni.

"Mungu mwema," akaanza, "asante kwa chakura. Asante kwa fulaha. Umetureta hapa Kitale, usituache..."

Mtu akaguna kicheko nyuma. Sellah akakisikia, akavuta pumzi, akaendelea hadi mwisho kwa sauti kubwa zaidi: "Kwa jina ra Yesu!"

"Amina!" kanisa likajibu kwa kishindo. Naapa njiwa wote wa Kitale waliruka kwa pamoja, na mmoja hajarudi mpaka leo.

Wakati wa kula, Kiplimo alimjia na sahani, anatazama viatu vyake.

"Sellah, pole kwa ile siku. Hiyo maombi ilikuwa poa. Pwana asifiwe."

"Nani asifiwe?"

"Pwana."

Kumbe naye B yake hugeuka P! Wakacheka mpaka ugali ukataka kumwagika.

Kukhu akawasogezea kiti. "Sikirizeni, nyinyi. Mkihamia mahali pageni, kujifunza kira kitu ni vizuri, hata usemi wa huko. Lakini msimfiche Mungu wenu kwa kuogopa kuchekwa. Yeye hasahihishi imra."

"Kukhu, ni 'imla'," Sellah akamnong'oneza, akiitamka ile L kwa uangalifu.

"Ndiyo nimesema. Imra. Haya, ombea hii chakura, inapoa."

Na Sellah akaomba, kwa sauti.